Naomba ushauri: Bluetooth ya baba inakatikakatika

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Naandika kutoka Arua. Baba yangu ni fundi cherehani, na masikio yake yamepungua nguvu. Simu ikiita huwa anaiacha tu, kwa kuwa hasikii anachoambiwa. Nikamnunulia vile vipokea sauti vya masikioni vya Bluetooth, shilingi 60,000. Siku ya kwanza alimsikia dada yangu aliye Kampala neno kwa neno. Furaha niliyoiona usoni mwake siwezi kuisahau.

Sasa tatizo. Simu ikiwa mezani kando ya cherehani, sauti ni safi. Akiitia mfuko wa kulia wa kanzu, na sikio lake zima ni la kushoto, maneno yanakatikakatika. Nimesoma kwamba mawimbi haya ni ya gigahezi 2.4 na maji ya mwilini huyafyonza. Tukahamishia simu mfuko wa kushoto, kukawa na nafuu. Lakini sokoni jioni, watu na simu zao wakijaa, inasumbua tena. Nadhani ni msongamano, maana Wi-Fi nayo hutumia masafa hayo hayo.

Muuzaji mmoja ananishauri nichukue vya Bluetooth 5. Simu ya baba ina Bluetooth ya toleo la zamani, 4.2, najua vitaungana, ila je, atapata faida yoyote? Au nimchukulie vya kuning'inia shingoni? Hivi vidogo vinamdondoka akiinamia kitambaa. Aliyewahi kumsaidia mzee wake kwa jambo hili, tafadhali anieleze alichofanya.