Matcha ya kijani kibichi au ya manjano: ipi inafaa kwa kibanda Mwanza?

KirumbaBaridi: Wakuu, nafungua kibanda cha vinywaji baridi Kirumba na keshokutwa natakiwa kulipia matcha, ule unga wa chai ya kijani ya Kijapani. Muuzaji A ana unga wa kijani kibichi kabisa. Wa B unaelekea manjano, bei chini ya nusu. Wote wameandika "daraja la sherehe". Nichukue upi?

Majani7: Mkuu, hujatupa cha kushika. Unakoroga na maji au maziwa? Umetoka wapi Japani: Uji, Nishio, Kagoshima, au hawakuandika? Chumo la kwanza au la pili? Shamba lilifunikwa siku ngapi? Hilo jina la "sherehe" halina sheria nyuma yake, yeyote analibandika.

MamaVitalu: Siku za kivuli uliza kwanza. Chai ya matcha hufunikwa wiki 3 hadi 4 kabla ya kuchumwa, kwa matete na majani makavu ya mpunga au kwa neti nyeusi kama za vitalu vya miche. Jani likinyimwa jua huongeza umbijani, ile rangi ya kijani ya mimea, ili linase mwanga kidogo uliopo, ndiyo maana linakolea. Theanini, kiini cha ladha kinachopanda kutoka mizizini, nayo hubaki, na huo ndio utamu wake. Juani sehemu kubwa hugeuka katekini, ule ukakasi unaokamata ulimi. Huyo B naona amesaga majani ya juani tu.

Sima_Nyegezi: Kivuli si kila kitu, dada. Jani lisipopigwa mvuke mapema baada ya kuchumwa linaanza kuwa kahawia. Sekunde 15 hadi 20 zinatosha. Halafu hukaushwa bila kusokotwa, vikonyo na mishipa huondolewa, ndipo jiwe lisage, gramu 40 hivi kwa saa. Ukilikimbiza jiwe linapata moto na rangi inaondoka. Aina ya mche nayo inahesabika: Okumidori na Saemidori zina kijani kuliko Yabukita.

KirumbaBaridi: Ni ya maziwa na barafu, nyingine nachanganya na pasheni. A kaandika Uji, B hakuandika. Siku za kivuli hakuna aliyesema.

Majani7: Pasheni acha. Asidi hung'oa magnesi kwenye umbijani, kijani kinageuka kaki. Ya maziwa: chekecha gramu 3, maji mililita 40 ya nyuzi 75 hadi 80, piga mpaka povu, ndipo umimine kwenye glasi yenye barafu na maziwa mililita 150. Wa B kwenye maziwa utatoa kijivu, na mteja huanza kununua kwa macho.

BukobaDamu: Mbona tuagize Japani wakati chai ipo Kagera, ng'ambo tu ya ziwa? Tufunike neti, tusage.

MamaVitalu: Ndugu yangu, chai yetu nyingi ni ya asili ya Assam, India, jani pana lenye katekini nyingi, tena huku tunachuma mwaka mzima. Kule Japani mti hupumzika majira ya baridi ukiweka akiba mizizini, na chumo la Aprili na Mei ndilo linaloifaidi. Neti haiwezi kuziba pengo hilo.

BukobaDamu: Basi tupande miche ya Kijapani.

MamaVitalu: Hata hiyo, kivuli kinauchosha mti. Unataka mbolea nyingi ya naitrojeni na muda wa kupumzika, la sivyo mwaka wa pili unapata vijani vidogo.

Sima_Nyegezi: Turudi kwa KirumbaBaridi, maana hata unga wa A unaweza kufia kibandani. Kinachoharibu zaidi hapa Mwanza ni kopo kufunguliwa likiwa bado baridi. Hewa ya ziwa ina unyevu. Ikigusa unga wa friji inageuka maji juu yake. Unga unashikana mabonge, harufu inakuwa ya nyasi kavu, rangi inapauka. Umeme ukikatika na kurudi mara kadhaa, unyevu huo unajirudia. Gawa gramu 30 kwa pakiti za foili, toa hewa, ziba. Toa moja kwenye friji jioni, ifungue asubuhi, na usiirudishe. Kabla ya kulipa omba sampuli zote mbili, paka kwa kidole kwenye karatasi nyeupe: mzuri unateleza kwa mstari mrefu laini, wa juani unakatika na kukwaruza.

KirumbaBaridi: Nitaomba leo. Mashine ya betri ya kupiga povu inatosha au lazima ule ufagio mdogo wa mwanzi wa kukorogea matcha?

Majani7: Ya betri inatosha ukichekecha kwanza. Ila tarehe ya kusagwa umemuuliza A?