Mrejesho: Riwaya 12 za Miss Marple kwa mwaka mmoja

Wakuu, Januari niliomba ushauri wa kuzisoma riwaya zote 12 za Miss Marple, yule bibi mpelelezi wa Agatha Christie, moja kila mwezi. Asanteni sana. Mwaka umekwisha, nimemaliza 10.

Kilichosaidia kuliko vyote ni kurasa 12 kwa siku: kitabu cha kurasa 240 kinaisha kwa siku 20, unabaki na siku 10 za akiba. Kisha ile kadi ya majina. Karatasi ngumu ndani ya jalada, kila mhusika mstari mmoja: jina, kazi, alikuwa wapi saa ya mauaji. Bila kadi, ukifika ukurasa wa 80 makanali na makasisi wote wamechanganyika.

Kufidia ndiko kulikoshindikana. Agosti niliachwa nyuma, nikawa nasoma kurasa 30 kwa usiku. Dalili zinakupita, na utamu wa hadithi hizi uko kwenye dalili. Bora kuacha mwezi mmoja mtupu tangu mwanzo.

Aliyesema nifuate mwaka wa kuchapishwa alisema kweli, hasa A Caribbean Mystery (1964) kabla ya Nemesis (1971), maana mzee Rafiel, mhusika wa riwaya ya kwanza, ndiye chanzo cha ya pili. Isipokuwa Sleeping Murder: ilitoka 1976, lakini humo Kanali Bantry, rafiki wa Miss Marple, bado yu hai. Itangulie The Mirror Crack'd (1962), ambamo ameshafariki.

Na wewe uliyenitajia Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla: Mzimu wa Watu wa Kale nimeshaanza, kadi iko ndani ya jalada.