Ulinganisho: riwaya ya mapenzi ya mji mdogo, tuanze na ya hoki ya barafuni, beisboli au futiboli ya Marekani?

MsomajiWaRau (Moshi)
Wadau, habari za jioni. Tuko watu saba, tunakutana Jumamosi mbili kila mwezi hapa Rau kusoma riwaya. Zamu ya kuchagua ni yangu, na nataka tusome mapenzi ya mji mdogo yenye mchezo ndani yake. Mnazijua: mchezaji anarudi kwao goti limeumia, anamkuta binti wa duka la mikate aliyemwacha miaka minane nyuma, na mji mzima una habari kabla wao wawili hawajasalimiana. Nazipenda mno hadithi hizi. Moja niliimalizia kwenye kosta ya kutoka Arusha, machozi yananitoka, jirani akaniuliza kama nimefiwa.

Tatizo ni kwamba nyingi ni za Marekani na Kanada, na michezo yao huku hatuichezi. Nina tatu mkononi: ya hoki ya barafuni, ya beisboli na ya futiboli ya Marekani. Wanne kati yetu hawajawahi kuona hata mchezo mmoja kati ya hiyo. Ipi itawanasa bila mimi kusimama kila ukurasa kueleza sheria?

KahawaChungu (Arusha)
Hoki, dada. Nimesoma za hoki zaidi ya ishirini na maelezo yake ni mafupi: sita kwa sita ukihesabu golikipa, vipindi 3 vya dakika 20, wanagombea kisahani cha mpira mgumu kwa magongo. Ukicheza rafu unafungiwa kwenye kibanda pembeni dakika 2, timu inabaki pungufu. Kibanda hicho ni mali kwa mwandishi. Mwanamume mwenye hasira amekaa peke yake nyuma ya kioo, hana pa kwenda, na yule binti yuko jukwaani anamtazama. Nimesoma sura nzima isiyotoka humo, na ndiyo nzuri kuliko zote kwenye kitabu kile.

Kingine, Kanada vijana wa hadi miaka 20 wanaochezea ligi za vijana huhamia miji midogo mbali na kwao, wakalelewa na familia za wenyeji. Wanakula mezani pale, wanaosha vyombo pale. Miaka ikipita, mtu mzima sasa, anarudi kumwona mama aliyemlisha. Sisi tuliosoma tukiwa tumekaa kwa shangazi mjini, nyumba hiyo tunaijua.

MwalimuPasua (Moshi)
KahawaChungu umeeleza vizuri, lakini mimi nasimama na beisboli. Ligi kuu yao timu moja inacheza mechi 162 kwa msimu, kabla hata ya mtoano. Hebu fikirieni mke au mchumba wa mtu huyo. Na chini ya ligi kuu kuna ngazi kadhaa za timu, nyingi ziko miji midogo, wachezaji wanasafiri kwa basi usiku kucha kwa mshahara mdogo. Simu inaweza kulia saa tano usiku, kesho asubuhi kijana amepandishwa, ameshahama mji. Penzi linaishi juu ya simu hiyo. Mwandishi hahitaji kubuni adui wala mchawi, ratiba inamtosha.

Ila nikiri, sheria zake ni ngumu kufuata. Mechi haina saa, inakwenda kwa zamu 9 za kupiga na kurusha. Ya kwanza niliyosoma nilipotea hadi nilipochora uwanja kwenye daftari, vituo vinne, mrushaji katikati. Baada ya hapo nikaelea.

Binti_Machame
Shikamoo mwalimu. Nimesoma ya futiboli ya Marekani, ile ya Texas ambako sekondari zinacheza Ijumaa usiku na maduka yanafungwa watu waende uwanjani. Mji ulikuwa mtamu, mchezo haukuwepo kabisa. Kocha angekuwa fundi bomba, hadithi isingebadilika hata mstari. Kwangu hicho ndicho kipimo, dada: mwondolee shujaa mchezo wake, uone kama penzi linabaki vilevile. Likibaki, umeuziwa jezi tu. Ifungue katikati, soma mechi moja. Kama baada ya filimbi hakuna kilichobadilika kati ya wawili wale, irudishe.

Kuhusu mji mdogo msiwe na wasiwasi. Mtu yeyote wa Kilimanjaro anayeijua Desemba ataelewa. Wenye magari wanapanda kutoka Dar, yule mliyeachana naye unamkuta kanisani amekaa mstari wa mbele na wazazi wake, na kabla mtori haujaiva shangazi zako wote wameshajua mlisalimianaje.

MsomajiWaRau
Binti, umenigusa pabaya hapo kwenye Desemba.

Nimesahau jambo kubwa. Tunasoma kwa sauti, na kati yetu yuko mama wa miaka 63 ninayemheshimu kama mzazi. Mambo ya chumbani yakoje?

KahawaChungu
Hapo nisikufiche, za hoki nyingi zinaeleza kila kitu, kurasa nne mfululizo. Zipo zinazofunga mlango, soma maoni ya wasomaji kabla hujanunua. Vinginevyo sura hizo kila mtu asome kwake, mkikutana mnaanzia sura inayofuata.

MkimbiajiSakina (Arusha)
Naomba niongeze la nne: mbio. Huku hakuna wa kuelezwa. Kilimanjaro Marathon inakimbiwa Moshi tangu 2003, na aliyepanda ile barabara ya Mweka jua likiwa limeshatoka anajua mtu anafikiria nini akiwa peke yake na pumzi yake. Mwaka 2025 Tokyo, Alphonce Simbu wetu alichukua dhahabu ya dunia ya marathoni kwa saa 2:09:48, na Mjerumani wa pili akaandikiwa muda huohuo, tofauti sekunde 0.03. Baada ya kilomita 42! Nilitazama nikijiuliza nani alikuwa nyumbani anamsubiri, na moyo wake ulikuwaje mita zile za mwisho. Riwaya hiyo kwa Kiswahili naitafuta kwa hamu. Binti anauza ndizi Mbuyuni, kijana anafanya mazoezi alfajiri, mbio ni Februari.

MwalimuPasua
Iandike, kaka. Nasema kweli.

MsomajiWaRau
Nimefungua zote tatu katikati kama Binti alivyosema. Ya futiboli imeanguka, mechi imepita kwa aya mbili na hakuna aliyeiongelea tena. Ya beisboli ni nzuri ila nitaibakiza kwa mwezi ujao, mwalimu, ukitukubalia uje na ile michoro. Tunaanza na hoki. Sura ya 14 na ya 22 nimeziwekea karatasi, kila mtu kwake.

Mkimbiaji, Jumamosi tunakutana saa tisa. Ukiwa na hata kurasa tano, tuletee tuzisome kwa sauti.