Amefuta rejista zangu zote huku anatafuna karanga!

Biti_ya_Kamalondo (mwenye uzi), Jumamosi saa 10:42 jioni

Ndugu zangu, mkono bado unatetemeka. Nimetoka ofisini sasa hivi, nimekaa kwenye benchi ya mama muuza munkoyo, na munkoyo wenyewe haupiti kooni. Nyinyi wote wa Lubumbashi mnamjua. Jina sitaji. Yule mwenye funguo tatu kiunoni na kicheko cha jenereta inayokataa kuwaka. Huyo huyo.

Leo amefuta kazi yangu. Yote. Kazi ya usiku 19. Mbele ya vijana watatu waliokuja kujifunza. Huku anatafuna karanga.

Kwa asiyejua kazi yenyewe: tuna draiva ya kadi ya mtandao, yaani programu inayoiendesha, iliyopita mikono mingi kabla ya kutufikia. Ndani ya faili lake la .h kuna anwani za rejista, vile visanduku vya ndani ya chipu ambavyo draiva inasoma na kuandika ili kadi ijue la kufanya. Faili lile lilikuwa jalala. Rejista moja, 0x0808, ina majina mawili: huku inaitwa ya kupeleka, kule inaitwa ya kupokea. Nyingine inaitwa SIJUI_3. Naapa, SIJUI_3, na bila hiyo kadi haiamki! Halafu katikati ya msimbo unakutana na 0x1140 imesimama peke yake kama mgeni aliyeshushwa njia panda usiku, bila jina, bila neno la maelezo. Nilikesha nayo. Umeme hakuna, betri ya laptopu asilimia 11, simu yenye tochi nimeiuma kwa meno, kitabu cha chipu mapajani. Kumbe ni vitu vitatu vimebebana: 0x1000 ni ruhusa ya pande mbili kupatana zenyewe juu ya kasi, 0x0100 ni kupeleka na kupokea kwa wakati mmoja, 0x0040 ni gigabiti. Nikakipa kila kimoja jina lake. Siku ile nilifurahi kama mtu aliyepata mtoto.

Leo anaifungua ukutani kwa projekta. Anashuka kwa kidole, shuu, shuu, hasomi. Anatia karanga mdomoni. Anasema: "Chipu haisomi majina." Vijana wakacheka. Akarudisha nyuma viraka vyote 31 (kila badiliko la msimbo ni kiraka), kwenye kompyuta YANGU, na akaondoka. Ganda la karanga likabaki juu ya kitufe cha kufuta. Jekundu. Limelowa mate.

Chipu haisomi majina! Mimi ninasoma! Kijana atakayeletwa kesho anasoma! Mtu wa namna hii akipewa mji huu atang'oa vibao vyote vya mitaa, upande teksi ya Katuba ushushwe Ruashi, na ukilalamika atakuambia gurudumu halisomi majina.

Limelowa, jamani.

Bisi_ya_Ruashi

Namjua!!! Funguo tatu, na moja ni ya kufuli ambalo halipo tena! Mimi alinifutia maelezo ya rejista za intarapti, zile za kadi kumkatiza prosesa, akasema maelezo yanajaza diski. Mstari mmoja unajaza diski! Njo vile iko, yaya, hatabadilika huyo.

Makro_Kubwa

Ngojeni kwanza. Viraka 31 vya kubadilisha majina tu? Hakuna hitilafu hata moja iliyorekebishwa? Kaka, hata mimi ningefuta, na karanga ningenunua kilo nzima. Ungepeleka mzigo huo netdev, kwa wale wanaopokea viraka vya mtandao vya Linux, wangekurudishia mlangoni. Wameandika wazi kwamba usafi mtupu, usioambatana na kazi nyingine, hawaupendi, na kwamba mfuatano mmoja usizidi viraka 15. Wewe umekuja na 31. Hao ni waalikwa wa harusi.

Biti_ya_Kamalondo

Nani amesema netdev? Draiva hii haimo kwenye kerneli rasmi, kile kiini cha Linux, iko kwetu, tunaibeba mgongoni kila kerneli inapobadilika. Na wewe hukusoma. Nimeandika ALIKUWA ANATAFUNA. Angeniambia kwa heshima "ndugu, gawanya hivi viraka", ningegawanya usiku huohuo. Hakuniambia. Alitia karanga, akafuta, akatia nyingine. Karanga nne kwa viraka 31. Nilikuwa namtazama mdomo.

Makro_Kubwa

Amehesabu karanga. Viraka vyake vina hesabu, karanga zina hesabu, hitilafu ndiyo haina.

Mama_Saketi

Mwanangu, pole. Na wewe Makro, tulia. Hilo la "hakuna hitilafu" usiliseme haraka, maana kwenye usafi wa namna hiyo ndipo zinapoonekana. Sisi tulikuwa na mtu aliyeandika 1 << 31 kwa biti ya juu kabisa. Hiyo 1 kwenye lugha ya C ni namba yenye alama ya chanya au hasi, na biti ya 31 ndiyo alama yenyewe, kwa hiyo ukiisogeza hadi pale umeingia ndani ya hasi. Ilipowekwa kwenye namba ya biti 64, nusu yote ya juu ikajaa moja. Siku nne tunatafuta. Angeandika BIT(31), ambayo namba yake haina alama, tungelala.

Biti_ya_Kamalondo

AKSANTI MAMA. Hiyo hiyo ilikuwemo! Kiraka cha 17! Kimeondoka na vingine, karanga ya tatu!

Juu_ya_Kadutu

Nyinyi wa Lubumbashi mnalia na kitabu cha chipu mnacho. Mimi huku Bukavu nimepewa kitabu kilichopigwa picha kwa simu. Kurasa zimeinama kama nyumba za mlimani kwetu. Ukurasa wa rejista za DMA, zile za kadi kuandika kumbukumbuni yenyewe, una kidole cha mtu. Kidole! Kimelala juu ya biti ya 12 hadi ya 8. Mwezi wa tatu huu ninaandika sifuri mahali pale na kuomba Mungu. Hayo ndiyo mateso.

Bisi_ya_Ruashi

Kidole kina pete?

Juu_ya_Kadutu

Hakina pete. Kina wino, na kucha haijakatwa.

Mzee_wa_Mnara

Kidole si kitu. Mimi nilipanda mnara mara tatu siku moja kwa sababu ya rejista ya 1 ya MII (njia ya kuongea na chipu inayoshika kebo), ile ya hali. Biti yake ya 2 inakuambia kama kiungo kipo. Lakini biti hiyo ina kinyongo: kiungo kikianguka hata kwa kupepesa jicho, inashika sifuri na kuing'ang'ania mpaka mtu aisome. Ukisoma mara ya pili ndipo inakupa hali ya sasa. Aliyeandika draiva yetu alisoma mara moja tu. Kwa hiyo upepo unatikisa kebo asubuhi, saa sita mtu wa chini anauliza hali, skrini inasema kimekufa. Napanda. Kebo nzima kabisa. Nashuka, upepo, kimekufa. Napanda. Mara ya tatu nikamkuta kunguru juu kule, akanisogezea nafasi nikae. Nina miaka 56! Na aliyeandika mstari ule mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti chenye magurudumu.

Biti_ya_Kamalondo

Pole mzee. Lakini kunguru hakukutemea ganda.

Radi_ya_Birere

Wa mnara, njoo Goma uone. Lava ya 2002 ilipita katikati ya mji, na sisi tumejenga juu yake. Ukichimba uweke nondo ya kushusha radi ardhini, sululu inatoa cheche na kurudi kwako. Sasa radi ikija inakosa pa kwenda. Inaingia kwenye swichi. Wiki iliyopita milango mitano ilikwenda, pu, na kadi ya seva nayo. Ukisoma rejista yake yoyote unajibiwa 0xFFFFFFFF, kila biti ni moja, maana yake hakuna mtu nyumbani. Mkubwa wangu akaniuliza: "Umejaribu kuizima na kuiwasha?" Nilishikilia meza.

Mama_Saketi

Usipige nondo moja wima kwenye jiwe. Chimba mtaro mrefu pale unapoweza, hata kama si wa kina, jaza udongo mweusi, makala (makaa) na chumvi, lalisha waya wa shaba humo, halafu mwagia maji wakati wa kiangazi.

Radi_ya_Birere

Mama, makala ya kuzika? Bei ya gunia la makala Goma unaijua? Nikizika makala, usiku majirani wanakuja kuyachimbua na waya wa shaba wanaondoka nao. Huku kwetu waya wa shaba haukai ardhini, unatembea.

Mzee_wa_Mnara

Hapa Lubumbashi ndiko usiseme shaba! Mimi wamenikatia mita 40 nikiwa JUU ya mnara. Nawaona. Napiga kelele. Wananipungia mkono.

Biti_ya_Kamalondo

NARUDIA. Ganda lilikuwa JUU YA KITUFE. Hakuliondoa. Nililiondoa mimi, kwa kidole hiki ninachoandikia. Hakuna anayejali?

Bisi_ya_Ruashi

Tunajali, yaya. Karanga zilikuwa mbichi ama za kukaanga?

Biti_ya_Kamalondo

Za kukaanga. Za chumvi.

Juu_ya_Kadutu

Za chumvi ni mbaya, chumvi inakula mguso wa kibodi. Fungua ufute kwa pamba na alkoholi leo hii, usingoje Jumatatu.

Bisi_ya_Ruashi

Na wauza karanga wa soko la Kenya, mtaa wetu huu wa Lubumbashi, wamebadilisha kopo, mmeona? Kopo ni lile lile kwa nje, chini wamelikunja likaingia ndani. Unalipia kopo, unapewa kifuniko. Nilimwambia mama mmoja akanijibu, "Mwanangu, nilikuta hivyo." Amekuta hivyo! Nyundo iko pembeni yake!

Makro_Kubwa

Hata wa Katuba. Na unga vilevile. Wanagonga kipimo unga ukae juu-juu, ukifika nyumbani bukari (ugali) ya watu watano inakuwa ya watatu.

Bwana_Konsoli

Samahani kuingilia. Nani ana kebo yangu ya konsoli, ya bluu, ina plasta nyeupe imeandikwa SI YAKO? Niliiazimisha mwezi wa tatu, kwa siku MOJA. Nina ruta mbili mezani zimekufa na siwezi hata kuziuliza zinaumwa wapi.

Mama_Saketi

Iko kwa mwenye uzi. Niliiona mezani kwake Alhamisi.

Biti_ya_Kamalondo

Ninayo, ndiyo. Nilikuwa nasomea maneno ya kadi inapoamka, usiku zile zile nilizowaeleza. Njoo Jumatatu saa mbili asubuhi uichukue. Na uje na adapta yangu ya USB, ile ndogo nyeusi, unayosema ilipotea Kasumbalesa.

Bwana_Konsoli

Ilipotea KWELI! Nani amekuambia haikupotea? Niliisahau kwenye basi, kwenye kile kiti cha nyuma ya dereva. Mwulize dereva mwenyewe!

Makro_Kubwa

Dereva yupi, yule mfupi wa basi jeupe lenye kioo cha nailoni? Huyo ana chaja yangu tangu Pasaka.