Mtu kanaswa na umeme, meni swichi imefungiwa ndani, unamtoaje?

Wakuu naombeni ushauri, jana sijalala. Nyumba tuliyopanga meni swichi iko chumbani kwa mwenye nyumba na akitoka anafunga. Jana mpangaji mwenzetu kaenda kuanika, kamba yenyewe ni ya waya imefungwa kwenye kenchi, kumbe juu huko kuna nyaya imechubuka inagusa bati. Akaganda. Sauti haitoki, vidole vimeukunja ule waya, shuka bichi linamning'inia begani. Mumewe kukimbia kumvuta, naye akanasa hapohapo. Mimi nimeduwaa tu mpaka dogo wa bodaboda akawasukuma na kiti cha plastiki wakadondoka. Wako hai, dada kaungua kiganja. Ningekuwa peke yangu na kiti hakipo je?

Mzee wa Kahawa: Pole sana. Mpeni maziwa yatoe sumu ya umeme.

Fundi Koleo: Mzee umeme hauna sumu. Huu wa nyumbani ni volti 230, unakaza misuli ndo maana mtu hawezi kuachia hata akitaka, na ukimshika unapita kwako kwenda chini. Kata meni kwanza, mlango vunja, kitasa kinauzwa. Ikishindikana simama kwenye ubao mkavu umsukume na fito kavu, mbichi hapana, bomba la chuma ndo kabisa. Ila zile nyaya za msongo mkubwa za kwenye nguzo usisogee hata na hiyo fito, ita Tanesco wakate.

Mama Pacha: Na ndala?

Fundi Koleo: Uani kwa kufulia ndala gani iliyo kavu dada?

Nesi wa Zamu: Huyo dada apelekwe hospitali wampime moyo, nje unaona kiganja tu lakini ndani umeme umepita. Na asiyejitambua msimnyweshe kitu, maziwa wala maji. Akishatolewa kwenye umeme kama hapumui, gandamiza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, usiache mpaka msaada ufike.

Mleta uzi: Asanteni, kaenda leo asubuhi. Ule waya tumeutoa tumefunga kamba ya manila.

Fundi Koleo: Na bati? Umeme mlizima?

Mleta uzi: Mwenye nyumba alirudi jioni akazima tukatoa waya, kisha akawasha, tukajua yameisha.

Fundi Koleo: Nyaya bado imelalia bati hiyo!! Zimeni sasa hivi.

Mleta uzi: Mungu wangu, hapa kunanyesha na watoto wanakinga maji kwenye gata. Natoka