Ushauri: Timu yetu ya Ligi Kuu inatafuta kocha mkuu, majina matatu yako mezani na kamati imegawanyika

Mjumbe wa Mkoani (mleta mada)

Wakuu, habari za majukumu.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya utendaji ya timu moja ya Ligi Kuu yenye makao yake mkoani. Jina la timu naomba libaki kapuni kwa sababu mambo haya bado yako ndani ya kikao. Msimu uliopita tuliponea kushuka daraja kwenye mechi za mtoano. Kocha tuliyeanza naye tuliachana naye mzunguko wa pili, msaidizi wake akashika timu na ndiye aliyetuvusha. Sasa tunatakiwa tuwe na kocha mkuu kabla ya kambi ya maandalizi.

Wa kwanza mezani ni Mzungu. Amefundisha nchi kadhaa za Afrika, anataka kuja na msaidizi wake na kocha wa viungo, mshahara kwa dola, nyumba na gari juu yetu. Wa pili ni mzawa, nikimtaja mnamjua wote. Amezunguka timu nyingi za ligi na sifa yake kubwa ni kunusuru timu zisishuke. Wa tatu ni huyu huyu msaidizi. Wachezaji wanampenda na jukwaa linaimba jina lake, ila leseni yake ya ukocha ni CAF B, daraja la chini ya A, na bado anasubiri nafasi ya kozi ya A.

Fedha zetu ni mdhamini mmoja, mgawo wa haki za televisheni na viingilio, ambavyo vinanona pale tu Simba au Yanga wanapokuja kwetu. Lengo tulilopewa na mwenyekiti ni kumaliza ndani ya nane bora. Hii timu naipenda tangu iko madaraja ya chini na sitaki uamuzi huu upitishwe kwa kukurupuka. Mngekuwa nyinyi, mngeanzia wapi?

Kiungo Mkabaji

Mzawa, bila kuzunguka. Geita Gold walipanda Ligi Kuu 2021/22 wakiwa na Fred Felix Minziro. Walimaliza nafasi ya nne, George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17, na msimu uliofuata wakacheza Kombe la Shirikisho Afrika. Timu ya mkoani inataka mtu anayeijua ligi.

Mzunguko Daima

Mkuu Kiungo, sikubaliani. Wazawa wetu wengi wanazungushwa timu hadi timu, leo anafukuzwa huku, kesho yuko kule na mpira ule ule. Leteni mgeni mwenye kitu kipya halafu mpeni muda. Kocha Nabi, Mtunisia, alifika Yanga Aprili 2021 na msimu ule ubingwa ukaenda Simba. Uongozi haukumtupa, ukamsajilia. 2021/22 akachukua ligi bila kupoteza mechi hata moja, na 2023 akaifikisha Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, wakakosa kombe mbele ya USM Alger kwa kanuni ya bao la ugenini tu. Sisi mashabiki tunaumia kila mwaka kuanza upya.

Binti wa Mkwakwani

Ndugu mjumbe, mimi ni wa Coastal Union ya Tanga, na timu yangu imenifundisha kwamba swali la mzawa au mgeni halina jibu lenyewe kama lilivyo. Juma Mgunda, mtoto wa nyumbani, alitufikisha fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF, lile la nyumbani, 2022 kule Arusha, tukatoka 3-3 na Yanga na kufungwa kwa penalti. Miezi michache baadaye Simba wakamchukua Mgunda baada ya kocha wao Zoran Maki kuondoka, naye akawavusha hadi makundi ya Ligi ya Mabingwa kwa kuitoa Primeiro de Agosto ya Angola. Halafu 2023/24 tulikuwa na Mkenya, David Ouma, tukamaliza nafasi ya nne na Ley Matampi akawa kipa bora wa ligi. Makocha wawili, uraia tofauti, wote waliweza kazi kwa wachezaji wa bei yetu.

Ninachoshangaa ni kwamba kwenye meza yenu hakuna mtu wa Kenya, Burundi, Rwanda wala Uganda. Etienne Ndayiragije, Mrundi, alianza hapa na Mbao ya Mwanza, timu isiyo na jina kubwa, akaifikisha fainali ya kombe 2017 dhidi ya Simba. Akaenda KMC, akaenda Azam, akakabidhiwa Taifa Stars. Hitimana Thierry, Mnyarwanda, aliipeleka Namungo fainali ya kombe hilo hilo 2020. Hawa wanaongea na wachezaji moja kwa moja na wanajua safari ya basi ikoje. Kibali cha kazi na cha ukaazi mtalipia kama kwa mgeni yeyote, hilo lipangieni bajeti.

Kocha wa Mchangani

Mjumbe, nina leseni na nimekaa kwenye mabenchi ya ligi za chini na moja la Ligi Kuu, kwa hiyo nisamehe nikiandika kirefu. Hili jambo linaniuma kwa sababu naona timu zinaajiri majina na si watu wa kufanya kazi fulani.

Anzieni kwenye kikosi, kocha aje baadaye. Kaeni chini mwandike nani ana mkataba, nani anaondoka, mabeki wenu wana umri gani, straika mliye naye anafunga kwa mipira ya juu au kwa kukimbilia nafasi, na mna fedha ya kusajili wangapi. Ukishaandika hayo, karatasi yenyewe inakwambia unahitaji kocha wa aina gani. Kama mna mabeki wazito na viungo wa kukimbia, mtu anayetaka kuanzisha pasi kutoka kwa kipa atawaomba wachezaji nusu timu, na hamna fedha hiyo. Atakuwa kocha mzuri mahali pengine.

Kwenye usaili, msiulize falsafa. Kila kocha ana maneno matamu ya falsafa. Mpeni kila mmoja video za mechi zenu mbili, moja mliyofungwa ugenini na moja mliyotoka sare nyumbani, akae nazo siku kadhaa. Akija, awaonyeshe kwenye skrini mpira mnapoteza wapi na kwa nini, kisha aseme Jumanne angefanya zoezi gani kurekebisha hilo. Mwenye kazi yake atakutajia wachezaji wenu kwa namba za jezi. Asiye nayo atawaambia nidhamu na kujituma.

Halafu mpeni ratiba ngumu ya kweli. Mechi Kigoma Jumatano, Jumapili mko Ruangwa kwa Namungo, na mnasafiri kwa basi. Wachezaji watapumzika wapi, mazoezi mepesi siku gani, nani anabaki? Au wiki mnayokwenda uwanja wa Kaitaba, Bukoba, kwenye nyasi bandia mkitoka kwenye uwanja mbovu. Kocha wa Ulaya anaweza kulijibu hili vizuri na mzawa akashindwa, msidhani majibu yanafuata pasipoti.

Huyu wa kunusuru timu, naomba mumwelewe vizuri. Kunusuru timu ni kazi ya mechi chache: unafunga nyuma, unatumia mipira iliyokufa kama kona na frikiki, unawatisha wachezaji na kushuka daraja. Inafanya kazi. Kujenga timu ya mechi 30 kutoka kambini ni kazi nyingine kabisa. Mwulizeni ni lini mara ya mwisho alianza na timu maandalizi na kuimaliza nayo msimu, na alimpandisha kijana gani ambaye sasa anacheza kwa uhakika. Akitaja majina matatu, mna mtu. Msiishie kwake, wapigieni manahodha wake wa zamani na watunza vifaa. Mtunza vifaa anajua kocha anafika mazoezini saa ngapi na anaongeaje timu ikifungwa.

Kuhusu msaidizi wenu, furaha ya kuvuka isiwafumbe macho. Angalieni zile mechi alishinda dhidi ya nani, na wapinzani walikuwa bado wanatafuta nini. Na leseni msiichezee. Someni kanuni za ligi za msimu unaokuja kabla ya kumwahidi chochote. Kuna timu huandika kwenye fomu jina la mtu mwenye leseni huku kazi ikifanywa na mwingine. Nimeliona benchi la namna hiyo kwa karibu: dakika ya 70 mmoja anataka kuongeza straika, mwingine anataka kulinda, na mchezaji anayepasha moto misuli hajui amsikilize nani. Kama mnamwamini, mlipieni kozi ya A, mpeni mkataba wa maandishi wa kuwa msaidizi wa kwanza, na iwe sharti kwa kocha mkuu yeyote atakayekuja. Cedric Kaze aliondolewa ukocha mkuu Yanga 2021 na mwaka ule ule akarudi kama msaidizi wa Nabi. Hakuna aibu katika hilo.

Mwisho, kocha wa makipa na mchambuzi wa video wawe wa klabu. Kocha mkuu akiondoka na benchi zima, mnabaki na koni na bibu za mazoezi.

Mjumbe wa Mkoani

Mzee wangu Kocha wa Mchangani, nimeisoma mara mbili, shukrani sana. Niongeze taarifa. Kikosi chetu wengi wana mkataba wa mwaka mmoja uliobaki, mabeki wa kati wote wamevuka miaka 30, na tuna vijana wawili wa pembeni wenye kasi. Usajili tutaweza wachezaji wachache tu. Mwenyekiti anamtaka Mzungu kwa sababu anaamini mdhamini atafurahi na watu wataona tuko makini. Pia anasema Yanga wamebadilisha makocha na bado wanabeba kombe, hivyo tukikosea tutabadilisha.

Aliyevaa Namba 6

Mkuu, hapo kwa mwenyekiti ndipo penye tatizo. Yanga 2024/25 walianza na kocha Gamondi, wakaja na Ramovic, wakamaliza na Hamdi, na ubingwa wakachukua. Lakini wachezaji wao wa akiba wangeweza kuanza kwenye timu nyingine nyingi za ligi hii. Sisi tuliocheza timu za mikoani tunajua kocha wa pili ndani ya msimu maana yake ni mazoezi mapya, mfumo mpya, na nusu ya wachezaji waliosajiliwa na yule wa kwanza kukaa jukwaani. Timu ya daraja lenu hailipi hiyo gharama mara mbili.

Na niseme la wachezaji. Mimi nilicheza chini ya kocha mzuri sana ambaye viongozi walikuwa wanampigia simu usiku kuhusu kikosi. Tulijua. Mchezaji akishajua kuwa nafasi yake inaamuliwa na kiongozi fulani, hamsikilizi tena kocha, anamtafuta kiongozi. Kabla ya kusaini na yeyote, kamati iandike nani anapanga kikosi, nani ana neno la mwisho kwenye usajili, na nani anazungumza na kocha timu ikifungwa. Mtu mmoja tu. Wajumbe kumi wakimpigia Jumapili usiku, Jumatatu hana akili ya mazoezi.

Jingine ni mishahara. Kama mnajua kuna miezi hela inachelewa, mwambieni kocha sasa hivi. Yeye ndiye atakayesimama mbele ya vijana 25 wasiolipwa.

Wakili Mpenda Soka

Naongezea hapo kwenye mkataba, kwa kuwa nimeona klabu zetu zikifungiwa usajili na FIFA kwa madeni ambayo yalianza na saini ya haraka.

Tangu Januari 2021 kanuni za FIFA zina sehemu maalumu ya makocha. Kwa kocha mgeni, mkivunja mkataba bila sababu ya haki na hakuna fidia mliyokubaliana kwa maandishi, atadai thamani ya mkataba uliobaki. Akipata kazi mpya, mapato yake ya huko yanapunguza deni. Akidai mishahara ya miezi miwili, akawapa notisi ya siku 15 na msilipe, anaweza kuondoka yeye kwa haki na bado mkadaiwa. Uamuzi ukitoka na msipolipa ndani ya siku 45, mnafungiwa kusajili, hadi madirisha matatu ya usajili. Sasa mwambie mwenyekiti apige hesabu ya Mzungu na wasaidizi wake wawili kwa msingi huo, kisha aseme tena "tutabadilisha".

Mfano wa upande wa pili: Simba Januari 2021 waliifunga FC Platinum ya Zimbabwe 4-0 na kuingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na hata wiki haikuisha Sven Vandenbroeck akaondoka, akaenda FAR Rabat ya Morocco. Wekeni kiasi cha kulipwa na klabu inayomtaka katikati ya msimu. Kwa upande wenu, napendelea mkataba wa mwaka mmoja wenye nyongeza ya mwaka mwingine timu ikimaliza ndani ya nane bora. Fidia ya kuvunja iandikwe kwa idadi ya mishahara, miezi miwili au mitatu. Mzawa naye apewe mkataba wa maandishi wenye vipengele hivyo hivyo. Nimeona makocha wa nyumbani wanaajiriwa kwa kupeana mikono na kuondolewa kwa simu, na hilo linanikera.

Mzunguko Daima

Wakili, nimekuelewa. Bado nawaombea kitu kipya, lakini kwa hesabu hiyo benchi zima la kigeni ni mzigo. Mjumbe, basi huyo Mzungu aambiwe aje peke yake afanye kazi na msaidizi wenu. Akikataa mtakuwa mmeshajua.

Mjumbe wa Mkoani

Wakuu, nimetoka kikaoni jioni hii. Nilipeleka hoja zenu na zimepokelewa vizuri kuliko nilivyotarajia, hasa hesabu ya Wakili.

Tumekubaliana hivi. Msaidizi anabaki kama msaidizi wa kwanza, mkataba wa maandishi, na klabu itamlipia kozi ya A nafasi ikitoka. Mzungu ameulizwa kama atakuja bila benchi lake, tunasubiri jibu. Mzawa anakuja kwenye usaili wa video, na tumewapa siku chache wajumbe wawili watafute makocha wa Kenya na Burundi walio huru, angalau jina moja liingie. Video tumechagua mechi tuliyofungwa Mbeya na sare moja ya nyumbani. Suala la nani anapanga kikosi bado halijapita, wajumbe wawili wamelipinga waziwazi, litarudi kikao kijacho na mimi sitaliachia.

Kocha wa Mchangani, nina ombi moja: siku ya usaili nani akae mezani? Kwa sasa kamati nzima inataka kuwepo.

Kocha wa Mchangani

Wanne wanatosha. Mwenyekiti, katibu, mtu mmoja wa ufundi asiye mgombea wala rafiki wa mgombea, na nahodha wako wa zamani aliyestaafu kwa heshima. Msaidizi wenu asiwepo, maana atafanya kazi chini ya mmoja wao. Na muanze na yule ambaye mwenyekiti hamtaki, wakati bado hajachoka kusikiliza.