Naomba ushauri: mjomba anakuja Dar, nimtembeze wapi?

Wakuu, habari zenu. Mjomba anakuja kutoka Mwanza, anataka kuiona Dar ya watu, siyo maghorofa ya Posta. Mimi nakaa Kimara, huko kwingine napita tu. Nimewaza tupande basi la mwendokasi hadi Kivukoni, tule samaki wa kukaanga pale Feri (mtu aliyekua akila sato wa ziwani sijui kama ataridhika), kisha tuvuke na pantoni kwenda Kigamboni. Jioni mihogo ya ufukweni Coco.

Ninapokwama ni Kariakoo. Magoti yanamsumbua, ataweza msongamano ule? Au bora Mwenge kwa wachonga vinyago? Na nyie wenyeji wa Temeke na Mbagala, kwenu mgeni mnampeleka wapi? Bajaji ya kukodi kutwa nzima mnalipaje?